Doa Lililomwagwa kwa Mkono

Koekelberg, Brussels
Ijumaa, 14 Novemba

Mpendwa Yaya Rolande, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na Shemeji Doudou na watoto wote. Kikohozi cha Shemeji kimepoa? Na lile paa la jikoni, fundi amerudi, au bado ni yule wa kuahidi Jumatatu bila kutaja ya mwezi gani? Mimi mdogo wako niko salama. Dawa ya presha nakunywa asubuhi na jioni, kazi ipo, na baridi ya huku imeshaanza kuuma masikio. Na Mama je? Habari ya Mama nakuuliza mwanzoni mwa barua kama desturi yangu, lakini safari hii nakuuliza nikiwa nimekukodolea macho.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu badala ya kusikia sauti. Nimeandika kwa mkono, kisha nitapiga picha kurasa hizi na kukutumia kwenye WhatsApp. Nimechagua barua kwa sababu siku hizi kwenye simu unanijibu haraka mno, na ukinijibu haraka mimi naanza kukusikiliza kama askari wa upelelezi. Katika barua utaninyamazia mpaka nimalize. Kuna jambo la Mama mnanificha, Yaya. Nitakueleza jinsi nilivyoanza kushuku, na mwishoni nitakueleza kosa langu mwenyewe, maana katika habari hii si wewe peke yako mwenye la kujibu.

Mwanzo ni Jumatatu ya wiki iliyopita. Ulinipigia mara mbili na mara zote mbili ukakata kabla sijavua glavu. Nilipokurudia ukasema kidole kiliteleza. Kuteleza mara moja nakubali. Mara ya pili nilijiambia kwamba huyu ana neno na amelimeza, lakini nilikuwa kazini, nikaliacha lipite.

Kesho yake akanipigia Maman Viviane, mke wa Tonton Rigobert. Hawa umewasikia mara nyingi: ndio walionipokea nilipofika miaka kumi na minne iliyopita, na Tonton ndiye mkubwa wa chama chetu cha watu wa Bukavu hapa Brussels. Wanakaa Ganshoren, na sebuleni kwao wana zulia la sufu rangi ya maziwa, alilonunua Tonton siku alipostaafu. Zulia lile linaheshimiwa kuliko wageni. Unalikanyaga kwa soksi, chai unainywea jikoni, na watoto wa watu wanakaa koridoni na juisi zao. Sasa Maman Viviane ananiambia kwamba kahawa imemwagika juu yake, nije Alhamisi saa kumi kamili nilitoe doa, nisije kabla ya hapo. Mpaka hapo sawa. Kisha akaniuliza: "Dawa yako ya tension, uko unaikunywa bien?" Nikamwambia nakunywa. Akauliza kama wiki hii nimekula vizuri, kama nalala, na akamaliza kwa kuniomba nivae nguo nzuri. Yaya, tangu lini mtu anavaa nguo nzuri kwenda kusafisha zulia?

Kazi yangu unaijua, kutoa madoa kwenye mazulia na makochi ya watu. Miaka tisa nimepiga magoti katika sebule za Brussels, na kitu kimoja nimejifunza: mwenye nyumba hudanganya, doa halidanganyi. Bwana anaweza kukuambia divai imemwagwa na mgeni, na wewe unaona doa limelala miguuni pa kiti chake mwenyewe. Unatikisa kichwa, unaendelea kubonyeza kitambaa chako.

Alhamisi hiyo mteja wangu wa mchana aliahirisha, kwa hiyo nikafika Ganshoren saa nane badala ya saa kumi. Maman Viviane alifungua mlango akawa kama mtu aliyefumaniwa. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, akakivua upesi. Jikoni niliona sufuria ile kubwa ya sherehe, imejaa wali. Sebuleni kochi lilikuwa limesukumwa, na viti vimepangwa ukutani, kumi na vinne, nilivihesabu. Na katikati ya zulia, doa.

Nilipoliangalia tu, machale yakanicheza. Kahawa inayomwagika kwa bahati mbaya huanguka kutoka juu, hurusha matone upande mmoja, huacha mkia. Hili lilikuwa duara kama sahani, pembeni safi, bila hata tone moja la kupotea, na meza ya karibu iko hatua nne kutoka hapo. Nikainama kunusa. Ilikuwa kahawa tupu, haina maziwa wala sukari. Ndani ya nyumba ile Tonton hunywa kahawa yenye maziwa mpaka inafanana na uji, na Maman Viviane hanywi kabisa. Kahawa tupu ndilo doa jepesi kuliko yote kulitoa. Kwa hiyo kuna mtu aliyekaa akafikiri, akachagua doa rahisi, akalimwaga polepole kwa mkono wake huku akilionea huruma zulia.

Nililitoa kwa dakika ishirini: kitambaa cheupe, maji ya baridi, siki kidogo na tone la sabuni ya vyombo, unabonyeza kutoka pembeni kwenda katikati, husugui. Muda wote kichwa changu kilikuwa kinafanya hesabu nyingine. Viti kumi na vinne, sufuria ya wali, nguo nzuri. Nikapata jibu, nikataka kucheka. Nilikuambia mwaka jana kwamba Maman Viviane amenitajia mara tatu Papa Antoine, yule mjane wa Uvira aliyekuwa dereva wa basi. Nikaona ndiyo hiyo sasa. Wameniita kwa hila ya doa ili nikutane na ujumbe wa mchumba nikiwa sina pa kukimbilia. Nikafunga ndoo yangu, nikavaa koti. Maman Viviane akanishika mkono, akasema, "Abi, ngoya kwanza, bantu banakuya." Nikamjibu kwamba wakija, wale huo wali, mimi kazi yangu imekwisha. Akanifuata mpaka nje bila viatu, Yaya, nikadhani ni hasira ya mshenga aliyeshindwa.

Kwenye kituo cha tramu nikawaona wanashuka upande wa pili: Élisée, katekista wetu, na Biblia kwapani, kina mama wanne wa kikundi cha sala, na Papa Antoine mwenyewe ndani ya suti nyeusi. Nikajibanza nyuma ya ubao wa matangazo mpaka wakapita. Huko nyuma nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu, na mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia alikuwa Mama. Nilijua angesema nimekuwa mjinga, mwanaume mwenye suti na pensheni namkimbia kwa sababu gani.

Jioni, nilipofika nyumbani, nikakupigia. Ukasema Mama amelala. Kwenu ilikuwa saa moja ya jioni, na Mama hajawahi kulala kabla ya rozari tangu tuzaliwe. Nyuma yako watu walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa, sauti nyingi. Nikauliza ni nani hao, ukasema redio ya jirani. Kisha nikakusikia umegeuza uso na kusema "shii", na redio ikanyamaza. Redio gani hiyo, Yaya, inayonyamaza ikiambiwa shii?

Ijumaa asubuhi nikampigia Shemeji Doudou, nikamwambia waziwazi kwamba kama Mama anaumwa nielezwe, mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema Mama haumwi hata kidogo, amekwenda misa. Mama yupi? Mama wa magoti yale mabovu, anayeletewa komunyo nyumbani na masista tangu Pasaka? Nikamwambia amngoje, nitapiga tena baada ya misa, akasema réseau ya simu ni mbaya, akakata. Shemeji hajui kusema uongo. Ni kwa sababu hiyo nilikubali akuoe, usisahau.

Siku hiyo nilikuwa na kazi Uccle kwa Madame Lutgarde, yule bibi wa Kibelgiji ninayemsafishia zulia la ngazi kila baada ya wiki mbili kwa sababu ya mbwa wake mzee. Yeye na marehemu mumewe waliishi Bukavu ujanani, na Kiswahili chake ni kile cha amri tupu, leta, weka, ngoja. Si mtu wa maneno matamu. Nikiwa juu ya ngazi nikamsimulia kioja cha doa la kahawa, suti ya Papa Antoine na mimi kujificha kituoni. Alianza kucheka, kisha akaacha kabla yangu. Akaniuliza viti vilikuwa vingapi. Akauliza kama kuna mtu aliyeniuliza habari ya afya yangu. Halafu akauliza ni lini mara ya mwisho nilisikia sauti ya mama yangu. Hakuuliza ni lini nimeongea na nyumbani, aliuliza sauti. Nikahesabu, nikamwambia Jumapili, siku ya tano sasa.

Akainuka, akaenda jikoni kwa fimbo yake, akanichemshia chai. Miaka saba namfanyia kazi, hajawahi kunichemshia hata maji. Akanitilia katika kikombe cha wageni, akaniambia ngazi zilizobaki tuziache mpaka wiki ijayo. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, kwa Kiswahili chake kile, "Enda kwa watu yako." Nikatoka pale nikimshuku hata yeye.

Jumamosi mchana Maman Viviane akapiga tena. "Abi, ile tache imerudia. Kuya tu, mutoto yangu." Sasa hapo alinikamata penye udhaifu wangu. Doa la kahawa linaweza kurudi kweli, hasa kwenye sufu nene: kinachobaki chini kwenye mizizi ya zulia hupanda juu linapokauka, na aibu inakuwa ya fundi. Nikajiambia nilifanya haraka mno Alhamisi. Nikabeba na ile mashine yangu ndogo ya kunyonya maji, nikaenda.

Kahawa haikuwa imerudi. Mahali pale pale katikati ya zulia kulikuwa na mawese.

Niliweka ndoo chini, nikasimama. Mawese, Yaya, mekundu, mazito, yametanda upana wa sinia, juu ya sufu rangi ya maziwa, ndani ya nyumba ambayo chai hunywewa jikoni. Mawese hayatoki kwa dakika ishirini. Unatia kwanza unga wa talki uyanywe, unakwangua, unatia tena, halafu sabuni, halafu maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, na rangi inayobaki inamalizwa na jua tu, kama Mama alivyokuwa akianika nguo zetu za shule. Ni kazi ya saa tatu, nne. Alhamisi walichagua doa jepesi nikawaponyoka, Jumamosi wakachagua doa la kunishika mpaka watu wafike. Nilimwangalia Maman Viviane, naye akaangalia dirisha. Hakuna mwanamke anayeharibu zulia lake kwa ajili ya suti ya Papa Antoine. Anaweza kuliharibu kwa ajili ya jambo moja tu, na jambo hilo nikalijua pale pale, nikiwa bado na koti mwilini.

Ningekosaje kulijua? Nimelifanya mwenyewe. Desturi yetu unaijua: mtu aliye mbali haambiwi kifo kwa simu, ataanguka barabarani peke yake. Wa nyumbani wanawaambia wakubwa wa huku, wa huku wanatafuta sababu ya kumleta kwenye nyumba ya watu, wanahakikisha amekula na amekunywa dawa, nyumba inajaa, anakalishwa kwenye kiti, na mzee anasema. Mpaka aambiwe, hakuna wa nyumbani atakayemtamkia. Miaka mitatu iliyopita tulimfanyia hivyo Sumaya wa Anderlecht. Tulimwambia kuna vitenge vipya vimetoka Kinshasa aje achague wa kwanza. Alikuja anacheka, na mimi ndiye niliyemsogezea kiti. Nilijiona nimefanya wema.

Basi nikapiga magoti, nikaanza kazi. Maman Viviane akaleta kiti akakiweka karibu na bega langu. "Ikala kwanza, Abi. Tapis itangoya." Nikamwambia mawese hayangoji, yakiingia kwenye mizizi ndiyo basi. Watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakivua viatu mlangoni. Hakuna aliyenitania, hakuna aliyeniuliza nilikimbia wapi Alhamisi. Walikaa kwenye vile viti kumi na vinne wakaniangalia mgongo. Élisée akakohoa, Tonton akakohoa. Nikaomba talki zaidi, nikaomba unga, nikaomba maji mengine, kila mara walionekana kushukuru kupata cha kufanya. Tonton Rigobert akasema jina langu lote, Abigaël, kwa sauti ile ya mkutano, nami nikawasha mashine. Inapiga kelele kama kinu. Alipofungua kinywa tena nikawasha tena. Wazee wetu hawajui kumpa habari ya msiba mtu aliyepiga magoti na glavu zilizolowa mikononi; desturi inataka akae, na mimi sikukaa.

Sasa naingia kwenye kosa langu, Yaya, na nakuomba usome polepole.

Ilipofika saa kumi na moja doa lilikuwa linakwisha. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, Mungu anisamehe, sijawahi kutoa mawese vizuri vile. Kilibaki kivuli cha manjano, na nikaona kwamba kikifutika nitakuwa sina sababu ya kubaki chini. Nikaomba maji ya moto. Maman Viviane akaleta birika. Nikamimina maji yale juu ya doa na nikasugua kwa brashi ngumu, duara, kwa nguvu zangu zote. Fundi wa siku ya kwanza kazini anajua hilo halifanywi. Mafuta yalikimbia kila upande, doa likawa kubwa mara tatu, likafika karibu na miguu ya Tonton. Nililifanya makusudi, mbele ya watu kumi na wanne waliokuwa wamevaa nyeusi kwa ajili yangu.

Kisha nikasimama, nikawaambia kwamba hapa dawa iliyobaki ni jua, nalichukua zulia nikalianike kwangu. Nikalikunja lote, wakavuta miguu yao na viti vyao kunipisha. Papa Antoine na Élisée wakanisaidia kulibeba mpaka kwenye gari la Tonton, na Papa Antoine akanileta hapa Koekelberg. Kusema hakukuwa zamu yake, lakini njia nzima machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye tai. Mimi nilikuwa namweleza habari za talki. Aliposhusha zulia mlangoni alinishika mkono, akasema tu, "Courage, maman." Nikamjibu kwamba zulia litapona.

Tangu siku hiyo zulia la watu liko kwenye varanda yangu, wiki nzima ya mvua, na mimi nimekuwa mtu wa kujificha. Simu nimeizima, naifungua kwa wateja tu. Jumapili sikwenda kanisani. Kina mama wa sala walikuja Jumatatu wakabonyeza kengele, nikawaambia kwa ile simu ya mlangoni kwamba zulia bado bichi. Jumatano akaja Tonton mwenyewe, na mguu wake ule mbovu. Sikumfungulia. Nilimsikia akihema kule chini, akasema, "Abi, fungua. Kule Bukavu banangoya weye tu. Habawezi kufanya kitu." Nikamwambia zulia bado bichi, Tonton. Akaondoka. Nilimwangalia dirishani mpaka akavuka barabara.

Banangoya weye tu. Maneno hayo nimekaa nayo siku mbili. Nilipoanza kuandika nilikuwa na hasira nawe, nilitaka nikuhoji swali moja baada ya jingine, ile redio, ile misa, kile kidole kilichoteleza. Kumbe kila uongo niliokukamata nao ulikuwa unausema kwa ajili yangu, umesimama katika nyumba iliyojaa watu wanaolia, unawanyamazisha ili mimi nisisikie. Na hamwezi kumzika kabla mtoto wake wa huku hajaambiwa. Siku kumi na moja Mama amelala kwenye nyumba ya maiti kwa sababu binti yake anasugua zulia.

Mama amekufa. Nimeliandika mimi, wewe hukuniambia, kwa hiyo desturi hujaivunja. Nadhani ni Jumatatu ile, saa ulipopiga na kukata. Kama nimekosea siku utanisahihisha.

Niliogopa, Yaya. Sina maelezo mengine. Nilifikiri kwamba mradi hakuna mtu aliyelisema mbele yangu, kuna nyumba moja duniani ambamo Mama bado anasubiri simu yangu ya Jumapili. Nilijua si kweli, na bado sikutaka mtu aiguse. Nimeshuku watu wote wiki hii, wewe, Shemeji, Maman Viviane, hata yule bibi wa Uccle na chai yake, na katika wote hao mwenye kuficha jambo alikuwa mimi.

Kuja sitaweza. Kadi yangu ya ukazi iko manispaa inafanywa upya, na njia ya kufika huko mwaka huu, kwa vita hivi, mnaijua ilivyo. Msiningoje. Kesho saa nane nakwenda Ganshoren, nimeshamwambia Maman Viviane. Nitakaa kwenye kiti watakachonipa, nitamwacha Tonton aseme yote mpaka mwisho, nami nitalia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Usimwambie kwamba nilijua. Mzee wa watu amebeba maneno yake siku zote hizi, anastahili kuyatua. Akishakupigia kwamba nimeambiwa, zikeni, hata kama ni Jumapili hiyo hiyo.

Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Msalimie Shemeji Doudou, mwambie nimemsamehe ile misa. Wasalimie masista waliokuwa wakimletea komunyo, na majirani waliolala chini nanyi siku zote hizi wakati mimi nimelala kitandani kwangu.

Mama usimpe salamu yangu kwa mdomo. Kabla hawajafunga sanduku, weka kiganja chako kwenye paji lake, ukiache hapo mpaka kipoe kama yeye, umwambie hicho ni cha Abi. Mwambie pia aliyemchelewesha ni mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Abigaël